Nyumba ya Kuishi Inaponunuliwa Iwe Shule

Nyumba nyingi za kuishi zilizojengwa Dar es Salaam kati ya miaka ya 1950 na 1970, katika maeneo kama Upanga, Oysterbay, Chang'ombe na Ilala, zimefikia umri ambao wenyewe wa mwanzo wamefariki au wamezeeka, watoto wamehamia Mbezi, Goba au ng'ambo, na gharama za ukarabati zimeanza kuzidi kodi ambayo mpangaji yuko tayari kuilipa. Wakati huohuo, tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliporekebishwa mwaka 1995 ili kuwapa watu binafsi, mashirika na taasisi za dini nafasi pana zaidi ya kuanzisha shule, wenye shule wamekuwa wakitafuta majengo karibu na mahali wazazi wanapofanya kazi, na kwa kuwa viwanja vitupu katika maeneo hayo ni adimu, macho yao huangukia nyumba za zamani zenye ua mpana, miti ya kivuli na barabara ya lami mlangoni. Familia yenye nyumba na taasisi yenye wanafunzi hukutana hivyo, mara nyingi kupitia dalali, na kila upande huamini kwamba kilichobaki ni kupatana bei. Imani hiyo ndiyo chanzo cha hasara nyingi, kwa sababu bei ya nyumba inayokusudiwa kuwa shule haiwezi kujulikana kabla ya kujulikana kama nyumba hiyo inaruhusiwa kuwa shule, na kama kweli inaweza.

Msingi wa jambo hili uko katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inayotamka kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu anayeitwa mwenye nyumba ana haki ya kumiliki na kutumia kiwanja kwa muda uliotajwa katika hati, muda ambao unaweza kufika miaka 99 lakini ambao kwa viwanja vingi vya mjini uliandikwa kuwa miaka 33 au 66, na ana haki hiyo kwa masharti, mojawapo likiwa matumizi ya kiwanja chenyewe. Anayenunua huingia katika nafasi ya muuzaji na kurithi miaka iliyobaki, wala hapewi miaka mipya kwa sababu tu amelipa fedha nyingi. Hati ya miaka 66 iliyoanza mwaka 1965, kwa mfano, inafika ukomo mwaka 2031, na shule inayotaka kukopa benki kwa miaka 10 ili kujenga madarasa itakuta kwamba hati hiyo ni dhamana dhaifu mpaka ihuishwe. Muuzaji mwenye busara huanza mchakato wa kuhuisha hati kabla ya kutafuta mnunuzi, kwa kuwa miaka iliyobaki ni sehemu ya kitu anachokiuza.

Sharti la matumizi ni zito zaidi. Hati ikiandikwa kuwa kiwanja ni cha makazi, kuendesha shule humo ni kuvunja sharti la umiliki, na sheria inaipa Serikali uwezo wa kutoza adhabu na hata kubatilisha hati. Wapo wanaojitetea kwa kuonyesha kwamba jirani amefungua baa au zahanati katika nyumba iliyoandikwa hivyohivyo, lakini kosa la jirani halijawahi kuwa kibali cha mtu mwingine, na shule ni rahisi kuonekana kuliko biashara yoyote, kwa kuwa ina kengele, sare, mabasi ya manjano na wakaguzi.

Njia halali ni kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi, yaani ruhusa ya kuondoa kiwanja katika kundi la makazi na kukiingiza katika kundi linaloruhusu huduma ya elimu. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri ya jiji, manispaa au mji husika, ambako afisa mipango miji hupokea maombi pamoja na nakala ya hati, ramani ya kiwanja na maelezo ya kinachokusudiwa, kisha huyalinganisha na mpango wa jumla wa eneo, hutaka tangazo litolewe ili wenye pingamizi wasikike, na huyapeleka kwenye kamati ya madiwani kabla hayajafika Wizara ya Ardhi kwa uamuzi na marekebisho ya hati. Kazi hii huchukua miezi, wala si siku. Jirani zetu wa Kenya wana utaratibu unaofanana na huo chini ya sheria yao ya mipango ya mwaka 2019, ambapo serikali ya kaunti ndiyo hutoa ruhusa, na katika mitaa ya Nairobi kama Lavington na Kileleshwa, ambako nyumba za zamani zenye bustani zimegeuzwa shule kwa wingi, vyama vya wakazi vimezoea kusoma matangazo ya aina hiyo kwa makini na kupinga panapohitajika.

Hapa ndipo swali kubwa la biashara hii linapojitokeza, nalo ni nani abebe mashaka ya kusubiri. Maombi huwasilishwa kwa jina la aliyeandikwa katika hati, yaani muuzaji, ilhali anayeyahitaji ni mnunuzi. Mnunuzi akilipa fedha zote kwanza, kibali kikakataliwa, atabaki na nyumba ya makazi aliyoinunua kwa bei ya shule. Muuzaji naye akibadilisha matumizi kwanza, mnunuzi akatoweka, atabaki na kiwanja kisichoruhusu tena familia kupanga kwa ajili ya kuishi, pengine chenye kodi ya pango la ardhi tofauti na ile aliyoizoea. Suluhisho linalotumiwa na mawakili ni mkataba wa mauzo wenye masharti ya awali, ambao unazifunga pande zote mbili lakini unasema wazi kwamba mauzo yatakamilika tu ikiwa mambo fulani yatatimia, kwa mfano kibali cha mabadiliko ya matumizi kutolewa na ripoti ya mhandisi kuonyesha kuwa jengo linafaa. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha umiliki uwe wa maandishi, kwa hiyo makubaliano ya mdomo mbele ya mjumbe, hata yakiwa na mashahidi wazee na waadilifu, hayatoshi.

Mkataba mzuri wa aina hii hutaja sehemu ya bei inayolipwa mwanzoni na mahali inapohifadhiwa, ambapo ni bora iwe akaunti ya amana ya wakili kuliko mfuko wa muuzaji. Hutaja tarehe ya mwisho ya kusubiri kibali. Hutaja nani analipia maombi, michoro na tangazo. Na hueleza nini kitafanyika kibali kikikataliwa, ikiwa ni pamoja na nani atagharimia kurudisha matumizi ya zamani endapo yalikwisha kubadilishwa. Zaidi ya yote, humkataza mnunuzi kuingiza wanafunzi kabla ya mauzo kukamilika. Kishawishi cha kufanya hivyo ni kikubwa mwezi Januari unapokaribia na wazazi wamekwisha kulipa ada, lakini watoto wakishaingia, kuwaondoa ni jambo gumu kisheria na chungu kiutu, na muuzaji ambaye hajalipwa hujikuta akidai haki yake mbele ya macho ya watoto wasio na hatia.

Swali la pili, ambalo kwa nyumba za zamani huwa gumu kuliko linavyodhaniwa, ni kama anayeuza ana mamlaka ya kuuza. Anayepita mitaa ya Magomeni au Temeke huona maandishi yaliyopakwa kwa rangi nyekundu ukutani, "Nyumba hii haiuzwi", na maandishi hayo yapo kwa sababu nyumba za urithi zimeuzwa mara nyingi na ndugu mmoja bila wenzake kujua. Nyumba iliyoachwa na marehemu inaweza kuuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake linapaswa kuingizwa kwanza katika daftari la Msajili wa Hati. Mtoto mkubwa, mjomba au mwenyekiti wa ukoo hana mamlaka hayo kwa nafasi yake tu. Nyumba ya wanandoa, hata kama hati ina jina la mmoja, inalindwa na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachomzuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambao huonyesha jina la mmiliki, rehani za benki na zuio lolote lililowekwa, ni hatua ya lazima, na kwa mwenye shule atakayewaweka mamia ya watoto humo ni wajibu hasa.

Katikati ya jiji kuna tabaka jingine la historia. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Baadhi ya majengo yalirudishwa kwa wenyewe baadaye, mengine yamebaki kuwa mali ya shirika, na familia ambayo imeishi katika fleti moja ya Upanga au Kisutu kwa vizazi vitatu inaweza kuzungumza juu yake kama nyumba yao ilhali kisheria ni mpangaji. Mpangaji hawezi kuuza kisicho chake, hata kama amekikarabati kwa fedha zake kwa miaka 40. Zanzibar nako, katika Mji Mkongwe, nyumba nyingi ziliwekwa wakfu na wenyewe, na mali ya wakfu haiuzwi na mtu yeyote: huendeshwa kwa ajili ya walengwa waliotajwa, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na njia iliyo wazi kwa shule ni kupanga. Aidha, kwa kuwa Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hata nyumba isiyo ya wakfu haiwezi kutobolewa dirisha wala kuongezwa ghorofa bila ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi.

Hata karatasi zikiwa safi, jengo lenyewe linaweza kukataa. Nyumba za kale za mwambao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu hushikiliwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake wa kawaida ndio ulioamua upana wa chumba kuwa karibu mita 3 tu, haidhuru chumba kiwe kirefu kiasi gani. Darasa la shule ya msingi, ambalo kiwango chake nchini ni wanafunzi 45, halikai katika upana huo isipokuwa kama mkondo wa watoto waliopangwa wawiliwawili, wa mwisho wakiwa mbali mno na ubao. Nyumba kama hiyo inafaa zaidi chuo kidogo cha lugha, muziki au ufundi, na ni afadhali muuzaji aseme hivyo mapema kuliko kumwacha mnunuzi avunje ukuta wa kati, kwa sababu ukuta huo ndio unaobeba boriti za pande zote mbili.

Nyumba za zege za miaka ya 1960 zina vyumba vipana zaidi, lakini zina tatizo la uzito. Katika viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wa Afrika Mashariki wamevitumia kwa muda mrefu, sakafu ya nyumba ya kuishi husanifiwa kubeba uzito wa watu na vyombo wa takribani kilogramu 150 kwa kila mita ya mraba, ilhali sakafu ya darasa husanifiwa kubeba takribani 300, na ngazi na korido za shule zaidi ya hapo. Chumba cha kulala cha ghorofani kinachogeuzwa darasa kinaombwa, kwa hiyo, kubeba mara mbili ya kile kilichokusudiwa, na kama nyumba iko karibu na bahari, ambapo hewa ya chumvi hula nondo ndani ya zege mpaka dari ianze kupasuka na kumwaga vipande, hata uwezo wa awali unaweza kuwa umepungua. Tarehe 23 Septemba 2019 jengo la madarasa la ghorofa moja lilianguka Nairobi asubuhi, watoto wakiwa ndani, na watoto wasiopungua 7 walifariki. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la biashara lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya matukio kama hayo, mtu anayeuza au kununua nyumba ya ghorofa iwe shule bila ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa anafanya jambo lisiloweza kutetewa.

Moto nao unadai hesabu yake. Nyumba za Dar es Salaam zina grili za chuma katika kila dirisha kwa hofu ya wezi, zimechomelewa moja kwa moja katika fremu, na mara nyingi zina mlango mmoja wa mbele wenye geti la pili la chuma na kufuli. Kwa familia ya watu sita huo ni ulinzi. Kwa watoto 200 ni mtego. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua njia za kutokea, vifaa vya kuzimia moto na mahali pa kukusanyikia, na ukaguzi huo huweza kumlazimu mnunuzi kufungua mlango wa pili, kujenga ngazi ya nje na kukata grili ili ziwe za kufunguka kwa ndani. Paa lililoezekwa kwa mabamba ya asbesto, ambayo yalitumiwa sana zamani, ni gharama nyingine, kwa kuwa vumbi lake husababisha saratani ya utando wa mapafu na kuliondoa kunahitaji watu wenye mavazi na utaratibu maalumu, si fundi wa mtaani mwenye nyundo.

Kinachosahauliwa zaidi ni choo. Kiwango kinachotumika Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ndogo ya wanafunzi 270, nusu wakiwa wasichana, inahitaji matundu 7 ya wasichana na 6 ya wavulana, mbali na ya walimu, wakati nyumba iliyonunuliwa ina vyoo viwili au vitatu vilivyounganishwa na shimo moja la majitaka lililochimbwa kwa ajili ya familia. Vyoo vipya hula sehemu ya ua, ua ukiliwa uwanja wa michezo hupungua, na kiwanja kilichoonekana kipana siku ya kwanza huanza kuwa finyu. Ndiyo maana nyumba nyingi za mjini huweza kuwa shule za awali, ambazo darasa lake ni la watoto wachache, lakini haziwezi kuwa shule kamili za msingi au sekondari. Kamishna wa Elimu hasajili shule kwa kuangalia uzuri wa jengo. Maofisa wa uthibiti ubora huhesabu matundu, hupima madarasa na huuliza watoto watacheza wapi.

Majirani wanastahili kusikilizwa zaidi ya tangazo la gazetini. Shule huleta magari mengi kwa saa moja asubuhi na saa moja mchana katika barabara iliyojengwa kwa ajili ya nyumba 20, na mzee anayeishi mkabala nayo hawezi kutoa gari lake kwenda kliniki. Mwenye shule akikutana na serikali ya mtaa mapema, akakubali kutenga sehemu ya kushushia watoto ndani ya kiwanja badala ya barabarani, pingamizi nyingi huisha kabla hazijaandikwa.

Kuhusu fedha, thamani ya nyumba hukadiriwa na mthamini aliyesajiliwa, na ripoti yake huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali kwa ajili ya kodi. Muuzaji mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya alichopokea na gharama alizotumia kuipata na kuiboresha nyumba, na ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kwa nyumba iliyouzwa kwa shilingi milioni 500 na ambayo gharama zake zenye ushahidi ni milioni 100, faida ni milioni 400 na kodi ni milioni 40. Asiyetunza risiti za paa, kisima na ukuta atakuwa analipia kodi fedha ambazo kwa kweli alizitumia. Makazi binafsi yaliyomilikiwa na kukaliwa na mwenyewe kwa miaka mitatu au zaidi yanasamehewa ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15, kiwango ambacho nyumba ya Upanga hukivuka kwa urahisi. Kama mnunuzi ni kampuni ambayo wanahisa wengi si raia, sheria hairuhusu imiliki ardhi kwa njia ya kawaida, bali kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa na kupitia mamlaka ya uwekezaji, hivyo uraia wa wanahisa ni jambo la kuulizwa siku ya kwanza ya mazungumzo.

Familia isiyo tayari kuachana na nyumba ya wazazi inaweza kuipangisha kwa shule kwa muda mrefu badala ya kuiuza, na wakati mwingine hilo ni bora kwa pande zote, hasa shule inapokuwa changa na idadi ya wanafunzi wake haijulikani. Hata hivyo, kupangisha hakuondoi haja ya mabadiliko ya matumizi wala ripoti ya mhandisi, na mkataba unapaswa kutamka nani atarudisha kiwanja katika makazi muda ukiisha, nani atafukia mashimo ya vyoo, na kama madarasa yaliyoongezwa yatabaki kuwa mali ya mwenye nyumba au yatalipiwa. Unapaswa pia kupanga tarehe ya kuondoka, au ya kukabidhiana kama ni mauzo, iangukie mwezi Desemba baada ya shule kufungwa, kwa kuwa darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba na mtoto anayehamishwa mwezi Juni au Julai huanza kuzoea walimu wapya wakati wenzake wa shule nyingine wanamalizia mazoezi ya mtihani huo.